Mkono wa Mama Anjela

Siku mliyoniaga pale zahanati, mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sijapoteza mgonjwa hata mmoja kwa uzembe. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika soda ya moto, maana barafu ilikuwa haijafika kutoka Masasi, na nikakaa kimya. Mlidhani ni unyenyekevu. Nilikuwa namfikiria Mama Anjela, ambaye wengi wenu mlizaliwa akiwa tayari kaburini, na nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitazikwa na sifa isiyo yangu. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara someni kwenye jalada langu, kama mchwa wamewaachia kitu.

Nilifika Newala mwaka wa tatu baada ya uhuru, kijana wa Kiyao kutoka Masasi, mganga msaidizi mwenye cheti kipya na viatu vinavyobana. Watu waliniita Daktari tangu siku ya kwanza, na sikuwakatalia. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa bati, upande ule wa uwanda unaoteremka kwenda Ruvuma. Nilitegemea kumkuta mganga mzoefu wa kunipokea. Nikamkuta mwanamke mwembamba wa makamo, amefunga kitambaa cheupe kichwani, anachemsha sindano za kioo kwenye sufuria juu ya stovu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimekuja na maji.

Nilidhani ananitania. Ninyi mliokulia uwanda huu wa Makonde mnajua hakuwa anatania. Maji yalikuwa bondeni, kwenda na kurudi ni nusu siku, na ndoo moja ilitakiwa ichemshe sindano, ioshe vidonda, na mabaki yake yasugue sakafu. Mama Anjela alikuwa mkunga na muuguzi msaidizi, mwenyeji wa Makote, amefundishwa na masista enzi za Mwingereza. Jina la Mama Anjela alikuwa amelipata karibuni tu. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, akakata tamaa, kisha akampata Anjela, mtoto wake wa pekee, ambaye siku ninafika alikuwa anatambaa chini ya meza ya dawa. Kwenye karatasi mimi ndiye nilikuwa mkubwa wake wa kazi. Lakini kugeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kushona ngozi bila kumtisha mtu, kumjua mgonjwa anayedanganya kwamba amemeza dawa, yote hayo alinifundisha yeye.

Kifaa tulichokionea fahari kuliko vyote kilikuwa mashine ya kupimia presha, ile ya zebaki, kwenye sanduku lake la chuma. Ilikuja kwa lori, na barabara mnaijua. Kila baada ya siku mbili tatu zebaki ilipata mapovu, au mpira ulivuja, na mashine ikasoma inavyotaka yenyewe. Fundi wa karibu alikuwa Mtwara, na kumpata kulihitaji barua tatu na subira ya msimu mzima. Mama Anjela alikuwa na njia yake. Miaka ya nyuma, kwenye mafunzo fulani, wanafunzi walijifunzia kupima kwa kutumia mkono wake, kwa mashine mpya isiyo na kasoro, na siku zote za mafunzo ilisoma mia na sabini na kitu. Hakuna aliyemwambia lolote, walihitaji mkono tu. Yeye akaishika ile namba. Alinieleza kwamba mashine haiaminiwi mpaka imempima mtu unayemjua, na mtu tunayemjua ni yeye.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, Mama Anjela alikunja mkono wa gauni, akauweka juu ya meza, nami nikamfunga ule mkanda na kupuliza. Ikisoma mia na sabini, naandika kwenye daftari: Mashine nzima. Ikisoma chini sana au juu sana, mashine ni mbovu. Nafungua, nakaza mpira, naongeza zebaki, nampima tena mpaka namba irudi mahali pake. Zahanati za jirani zilipopata mashine zao walizileta kwetu kwa baiskeli, zimefungwa kwenye shuka, ili zilinganishwe na mkono wa Mama Anjela. Alikuwa akisema kwamba serikali imeweka mizani ya korosho Masasi, na mizani ya presha imeiweka Newala, ila hii ya Newala inakula.

Najua mnachotaka kuuliza. Namba ya kawaida, mia na ishirini hivi, niliijua. Ilikuwa kwenye mtihani, na mtihani niliufaulu. Lakini mkono ule kwangu ulikuwa umeacha kuwa mkono wa mtu, ulikuwa kifaa cha kazi kama mkasi na koleo. Kuna siku ya Kwaresima, akiwa amefunga na ana homa, ilisoma mia na kumi, nami nikapoteza asubuhi nzima nikiitengeneza mashine ambayo haikuwa na ubovu wowote. Homa yake niliigundua mchana, alipoomba akalale kidogo kwenye mkeka wa wajawazito.

Halafu kulikuwa na vita. Wenzetu wa Msumbiji walianza kupigana na Mreno ng'ambo ya Ruvuma mwaka uleule nilioanza kazi, na haikuchukua muda wakimbizi wakaanza kuupanda ule mteremko, wengine kwa miguu yao, wengine kwenye machela za miti. Sitawaeleza yote niliyoyaona. Mtu aliyekanyaga bomu la kutegwa huwa anauliza maswali ya kawaida kabisa, kama mzigo wake umefika, kama mke wake amekula, na wewe unajua asichokijua bado, kwamba mguu hauko. Kazi yetu ilikuwa kufunga jeraha, kuzuia damu, kumwekea maji ya mshipani kama yapo, na kumpima presha kila baada ya muda mfupi tukisubiri lori la kumpeleka hospitali ya Ndanda. Zebaki ilishuka hadi mia, ikashuka hadi themanini, ikashuka hadi sitini, na ikifika hapo Mama Anjela aliacha kuzungumza na mimi, akaanza kusali kwa Kimakonde.

Ilikwenda hivyo miaka kumi. Kwa miaka kumi presha kwetu ilikuwa na ubaya mmoja tu, kushuka. Mtu ambaye zebaki yake imesimama juu alikuwa mtu wa kwenda nyumbani. Nakumbuka nilivyofurahi siku niliyomwambia mzee mmoja wa Makonde, mvi kichwa kizima, kwamba mia mbili yake ni damu ya kijana, aende akapalilie mikorosho yake bila wasiwasi. Niliwaambia wengi hivyo. Baadhi yao waliniletea kuku kunishukuru, na kuku nikala.

Ikaja operesheni ya vijiji. Watu waliondolewa kwenye mashamba yao wakakusanywa kando ya barabara, mikorosho ikabaki porini kwa nguruwe, na zahanati yetu iliyozoea kuhudumia vitongoji vilivyotawanyika ikajikuta ina kijiji kizima mlangoni. Faida moja tuliipata. Kwa kuwa sasa tulikuwa wengi mahali pamoja, tukaanza kutembelewa na daktari kutoka hospitali ya misheni, mara moja kwa mwezi. Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mara ya kwanza alifika mapema kuliko tulivyomtegemea, akatukuta kwenye shughuli yetu ya asubuhi. Ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Namba ilikuwa imepanda polepole kwa miaka, na sisi tulikuwa tumeisogeza alama yetu pamoja nayo. Nikaandika: Mashine nzima.

Daktari akaomba lile daftari. Alifunua kurasa nyingi, kisha akauliza mama huyu amekuwa hivi tangu lini. Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba ni tangu nimeanza kazi.

Hakunigombeza. Angenigombeza huenda ningeyashika zaidi aliyosema. Alimwandikia Mama Anjela vidonge vya presha, akamwapisha kuvimeza kila siku, kisha akachukua mpira wa kopo la kusafishia tumbo na kutueleza wote wawili. Presha, alisema, ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo ukuta wa mshipa. Kolesteroli ni mafuta yanayosafiri ndani ya damu hiyo, mengi yanatengenezwa na ini lako mwenyewe, mengine yanatoka kwenye chakula. Presha ikiwa juu miaka mingi inakwaruza ukuta wa mshipa kwa ndani, na mafuta yakiwa mengi yanapata pa kunata. Mshipa ulionata mafuta unakuwa mgumu na mwembamba, na moyo unalazimika kusukuma zaidi. Kwa hiyo yanasaidiana kuua. Lakini, alisema, na hapa aliugonga ule mpira mezani, ni mambo mawili, kila moja lina kipimo chake. Kuna mwenye yote mawili, kuna mwenye moja tu, na moja tu linatosha kumwangusha mtu. Wala hakuna kati yao linalouma. Akachukua damu ya Mama Anjela apeleke Dar es Salaam ikapimwe mafuta, ili ajue anapambana na adui mmoja au wawili.

Nilisikiliza yote, nikabaki na nusu. Nusu niliyobaki nayo ni hii: mafuta yanaziba mshipa, mshipa ukiziba presha inapanda. Basi mafuta ndiye mzazi na presha ndiye mtoto. Ilikuwa rahisi, iliingia akilini, na ungeweza kumfundisha mtu kwa dakika moja. Nikaanza kuifundisha kijiji kizima, nikawakataza karanga na nazi watu ambao nyama waliila sikukuu kwa sikukuu.

Vidonge vilimsumbua sana Mama Anjela. Vilimkojoza mno, na choo cha kijiji kipya kilikuwa mbali. Kuna wakati alilazimika kumwacha mzazi katikati ya uchungu akimbie. Vilimpa kizunguzungu akiinama. Alivimeza kwa sababu aliapa, na presha yake ikashuka hadi mia na arobaini na tano. Mnajua mimi nilifanya nini? Nililalamika. Nilimwambia sasa tumepoteza kipimo chetu, mashine nitaipimia kwa nani. Tulicheka wote wawili, na naona haya kuandika kwamba tulicheka.

Baada ya miezi kadhaa majibu ya damu yalifika kwa gari la posta. Daktari alikuwa amekwenda kwao likizo ndefu, kwa hiyo bahasha niliifungua mimi. Kolesteroli ya Mama Anjela ilikuwa nzuri kabisa, ya chini. Nikamwita, nikamsomea, maana ilikuwa kwa Kiingereza. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akiwa na beseni la pamba mapajani.

"Kwa hiyo mafuta sina," alisema.

"Huna, Mama. Damu yako ni safi."

Akaliweka beseni chini. "Basi hii presha inatoka wapi, Rashidi?"

Hapo ndipo mahali pa kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi na Kiswahili kinalo. Ningesema tumsubiri daktari arudi, au ningemwandikia barua. Lakini nilikuwa nimeitwa Daktari kwa miaka kumi na zaidi.

"Kama mafuta hakuna, presha hiyo haina ubaya," nilimwambia. "Ni maumbile yako tu. Ndivyo ulivyo."

"Na vidonge?"

"Unaweza kuviacha."

Alifurahi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema amechoka na ile safari ya chooni. Vidonge vilivyobaki alivirudisha kwenye kopo la dawa ili apewe mtu mwingine, maana hakuwa mtu wa kutupa mali ya serikali. Wiki chache baadaye namba ilikuwa imerudi kule ilikokuwa, nasi tukarudi kwenye desturi yetu kana kwamba hakuna aliyepita kutuonya.

Wiki ile Msumbiji walipopata uhuru, kijiji hakikulala kwa ngoma. Wakimbizi walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao, na asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anataka dawa ya njiani. Tukaanza kama kawaida. Mama Anjela akakunja mkono wa gauni. Ikasoma mia mbili na thelathini. Nikamwambia mashine imeharibika tena. Alisema kichwa kinamuuma tangu jana, labda ni zile ngoma. Nikasema labda, nikaibeba mashine hadi dirishani kwenye mwanga, nikampa mgongo, nikaanza kuifungua.

Nilikuwa nikizungumza naye huku nakaza mpira. Nilimwambia tutawakumbuka hawa watu wakiondoka. Akaitikia. Nikamuuliza kama Anjela amekwenda shule. Akajibu, nikaona ulimi ni mzito, nikadhani ni usingizi. La tatu hakujibu. Nikaendelea na kazi yangu mpaka nikamaliza, nikageuka na mashine mikononi. Mkono wake ulikuwa umeteleza kutoka mezani na kuning'inia, mdomo umekwenda upande, na macho yananitazama. Alikuwa ananiona na hawezi kuniita. Sijui alikaa hivyo muda gani nyuma ya mgongo wangu.

Lori lilimfikisha Ndanda akiwa hai, na waliyoweza kuyafanya waliyafanya. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa Makote, upande mzima umekufa, bila sauti, yeye aliyewapa watoto wa tarafa ile pumzi yao ya kwanza. Anjela alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliacha shule ili amgeuze mama yake kitandani na kumlisha uji. Nilikwenda kila wiki kwa baiskeli, nikikaa kwenye kigoda, nikishindwa kumtazama mtoto usoni. Majirani walisema Mama Anjela amerogwa, wakamtaja na mwanamke mmoja jirani kwa jina, na mwanamke yule akahama. Mimi niliyekuwa na jibu nilikunywa maji niliyopewa nikaondoka. Anjela aliniuliza mara moja tu ni kitu gani kilimpata mama yake. Nikamwambia ni mipango ya Mungu.

Baada ya mazishi nilichukua lile daftari nikaanza upya, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta majina ya wale niliowapongeza kwa damu yao ya kijana. Nikaenda kuwatafuta kwa baiskeli kwenye vijiji walikohamishiwa. Wengine niliwapata, nikawaanzishia dawa, na mmoja wao alikula miaka mingine mingi. Mzee yule wa mvi nilionyeshwa kaburi lake, na mjane wake alinikaribisha chakula. Tangu hapo sijampima mtu presha bila kumwambia namba yake na maana yake, hata kama foleni imefika barabarani, na ndiyo sababu wengi wenu mlikuwa mkininung'unikia kwamba nachelewesha kazi.

Wiki moja baada ya kuagwa nilikwenda Makote. Anjela sasa ni Mama Furaha, ana miaka arobaini, analima na kushona nguo. Nilimweleza kila kitu kama nilivyowaeleza hapa, ile karatasi, ule mkono, ule mgongo niliompa mama yake. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa alichokuwa anakipinda. Sikumwomba msamaha, maana niliona nitakuwa namtwisha mzigo mwingine. Alilia kwa muda mrefu, nami nililia. Alipomaliza alijifuta, akasema yeye hajawahi kupimwa presha tangu azaliwe, isipokuwa alipokuwa mjamzito, na namba hawakumwambia.

Tukaenda zahanati, ileile yetu. Aliyempima ni mmoja wenu, sitamtaja, anajijua. Alitupokea vizuri, alinipa shikamoo na kiti. Akampima Mama Furaha mara mbili. Mia na sabini na tano kwa mia na kumi. Nesi akamtazama yule mama alivyo mwembamba, akatabasamu kwa nia njema kabisa.

"Mama, wewe mwembamba hivi mafuta utayatoa wapi?" alisema. "Hii ni mawazo tu. Kapumzike, itashuka yenyewe."

Anjela hakumtazama nesi. Alinitazama mimi.

Nilisimama. Nilimwambia, "Utapimwa tena kesho na keshokutwa. Ikibaki hivi, vidonge unaanza, Mama Furaha. Mafuta utapimwa kwa siku yake, na yawepo yasiwepo, vidonge huachi. Mtu akikwambia uache, usimsikilize."

"Hata akiwa ni wewe?"

"Hata nikiwa mimi."